UZI: Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, kutoka mto Juba hadi Arakan (na kwa nini namba ya brigedi peke yake haimpati askari)

Ramani ya Kale (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Ikitajwa Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika) humu, mjadala hukimbilia "babu zetu walipigana Burma" na hapo hapo unakufa. Uzi huu twende taratibu. Tuchukue brigedi moja tu, ya 22 ya Afrika Mashariki, tuifuate tangu mpaka wa Kenya na Somalia hadi pwani ya Arakan huko Burma. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayowapoteza zaidi watu wanaomtafuta askari fulani. Namba 22 ilidumu hadi mwisho wa vita, lakini vikosi vilivyokuwa ndani yake 1941 sivyo vilivyokuwa ndani yake 1945.

Kwanza muundo. Brigedi ya askari wa miguu ni makao makuu na batalioni tatu. Batalioni inagawanyika kombania, kombania platuni tatu, platuni seksheni tatu. Brigedi tupu haina mizinga mikubwa wala hospitali. Ikitumwa kivyake inaongezewa betri ya mizinga, kombania ya wahandisi, kikosi cha tiba, watu wa mawasiliano na malori, nayo huitwa kundi la brigedi. Kumbukeni hilo, litatusaidia mbele.

Ilianza kama Brigedi ya 2 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1940 namba zikapangwa upya: ya 1 ikawa 21, ya 2 ikawa 22. Kamanda alikuwa Brigedia C. C. Fowkes. Batalioni zake tatu:

1/1 KAR (Nyasaland, Malawi ya leo)
5 KAR (Kenya)
1/6 KAR (Tanganyika)

Ukiona 1/6 soma hivi: batalioni ya kwanza ya KAR ya sita. Herufi za mabano kwenye nyaraka ndizo zinazokwambia nchi: NY ni Nyasaland, K ni Kenya, U ni Uganda, TT ni Tanganyika. Kiswahili ndicho kilichoziunganisha 5 na 1/6. Kwa 1/1 lugha ya kikosi ilikuwa Chinyanja, kwa hiyo yule anayesema Keya yote iliamrishwa kwa Kiswahili ajirekebishe hapo.

Naendelea na Somalia baadaye. Mwenye la Vita vya Kwanza aanze.

---

Bombomu

Mkuu, hapo kwenye Vita vya Kwanza ndipo pananitatiza. Natafuta brigedi za KAR za 1917 na 1918 sizioni. Naona majina ya ajabu tu, Kartucol, Shortcol, Norforce. Hizo ni brigedi au ni nini?

---

Kigoda cha Mvule

Bombomu, hizo ni safu. Mwaka 1914 KAR ilikuwa na batalioni tatu tu, ya 1, ya 3 na ya 4. Ya 2 ilivunjwa 1911 kupunguza gharama. Askari hawakufika 2,500, nao walitawanywa kombania kombania kutoka Jubaland hadi Nyasaland. Brigedi ungeitoa wapi hapo? Ya 2 ilifufuliwa 1916, upanuzi mkubwa ukaja 1917, na vita vinakwisha Novemba 1918 KAR ina batalioni 22 na askari zaidi ya 30,000. Ya 6, mzazi wa hiyo 1/6 ya mwanzisha uzi, iliundwa 1917 kwa askari waliokuwa wa Wajerumani wakatekwa. Hapo historia ina kejeli yake.

Safu ilikuwa kama brigedi ndogo isiyo na namba. Unachukua batalioni mbili au tatu, mizinga michache ya milimani na wapagazi, unaipa jina la kamanda au la kikosi. Shortcol ilitokana na Shorthose, Kartucol ilitokana na KAR ya 2 (1/2 na 2/2 KAR) chini ya George Giffard. Huyu Giffard mkumbuke: 1944 ndiye aliyekuwa juu ya majeshi yote ya nchi kavu upande wa Burma, juu hata ya Jenerali Slim wa Jeshi la 14.

Kwa nini safu? Hesabu ya posho. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 23 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10 amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Anakabidhi kilo 3. Siku ya 12 kutoka ghalani hafikishi kitu kabisa. Kwa hiyo kadiri kikosi kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyoshindwa kwenda mbali na barabara. Mjerumani alilijua hilo tangu mwanzo: kombania yake ya uwanjani ilikuwa na askari kati ya 160 na 200, bombomu (bunduki za mashine) zake, na wapagazi wake yenyewe. Ilijitegemea.

Wanyama nao hawakusaidia. Aprili 1916 Jenerali van Deventer alikwenda Kondoa Irangi na brigedi ya wapanda farasi ya Afrika Kusini. Mvua na mbung'o vilimfikisha akiwa na karibu nusu tu ya watu wake bado wamepanda. Baada ya hapo mzigo ukarudi kichwani mwa mtu, na wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanapita 90,000. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimepata majina humo.

Brigedi kamili iliyoonekana vizuri ni ya Nigeria, pale Mahiwa, kusini magharibi ya Lindi, 15 hadi 18 Oktoba 1917. Mashambulizi ya uso kwa uso dhidi ya watu waliojichimbia. Upande wa Waingereza ulipata hasara zaidi ya watu 2,000 kwa siku nne. Soma Mahiwa ndipo utaelewa kwa nini 1941 Fowkes alipenda kuzunguka.

---

Bombomu

Nimekuelewa, shukrani. Ya mpagazi kula mzigo wake nilikuwa sijawahi kuipigia hesabu.

---

Ramani ya Kale

Sasa Somalia. Februari 1941 brigedi ilikuwa chini ya Divisheni ya 12 ya Afrika (Godwin-Austen), pamoja na Brigedi ya 1 ya Afrika Kusini na ya 24 ya Gold Coast. Tatizo la kwanza halikuwa Mtaliano, lilikuwa maji. Kutoka mto Tana hadi Juba ni nyika kavu, kwa hiyo kila hatua ilipangwa kwa visima na malori ya maji, na ilitakiwa imalizike kabla ya mvua za masika kugeuza udongo ule kuwa tope lisilopitika.

Afmadu ikachukuliwa tarehe 11 Februari. Walinzi walikuwa wamekwisha kimbia baada ya kupigwa na ndege. Tarehe 14 brigedi iko Kismayu. Juba yenyewe ilivukwa kwanza na Waafrika Kusini pale Yonte. Ya 22 ikavukia Mabungo, ikapita porini na kuikata barabara ya Gelib kwenda Mogadishu kwa nyuma. Gelib ikaanguka tarehe 22. Waitaliano waliokuwa ndani walitazamia kupigwa kutoka mtoni, wakakuta njia yao ya kurudi imefungwa. Huo ndio mtindo wa brigedi hii, na utauona tena na tena: batalioni moja inamshika adui barabarani, nyingine inazunguka kwa miguu.

Mogadishu ilikuwa ya Wanigeria, tarehe 25. Halafu Jijiga, Harar, Dire Dawa, na ya 22 ikapewa nafasi ya mbele kwenye mto Awash. Madaraja yalikuwa yamelipuliwa; askari wa miguu wakavuka tarehe 3 Aprili, wahandisi wakafuata na kivuko cha magari. Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Haile Selassie aliingia mwezi mmoja baadaye, 5 Mei.

Jeshi zima la Jenerali Cunningham, kutoka Kenya hadi Addis, lilipata hasara 501 tu: waliokufa, waliojeruhiwa, waliopotea na waliotekwa. Ukiona mtu anasema KAR ilipoteza maelfu kwenye safari hiyo, muulize kaitoa wapi.

---

Mzinga wa Pwani

Mkuu usiruke Colito. Watu wanamtaja Sajini Leakey kama sinema, lakini ukiisoma kwa macho ya mtu wa mota (mzinga mdogo wa kurusha mabomu juu juu) utaona kilichoharibika.

Baada ya Addis, ya 22 iligeuzwa kusini kwenye maziwa, sasa chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika. Mvua zimeanza, barabara ni matope meusi. Tarehe 19 Mei 1941 kombania mbili za 1/6 KAR zinavuka mto Billate pale Colito kwa kushtukiza. Nigel Leakey yuko ng'ambo ya huku akizisaidia kwa mota ya inchi 3.

Bomu moja la mota hiyo lina uzito wa paundi 10, yaani kilo 4.5. Yalibebwa matatu matatu kwenye kasha, kilo 13.5 bila kuhesabu kasha lenyewe. Mota ikifyatua mabomu 10 kwa dakika inakula kilo 45 kwa dakika. Dakika tano za kuwafunika watu wanaovuka ni mabomu 50, kilo 225. Lori likiwa limekwama kwenye tope kilomita kadhaa nyuma, hesabu watu wangapi inabidi waweke bunduki chini wabebe mabomu. Kilichomkuta Leakey ndicho hicho: mabomu yaliisha.

Kwa hiyo akavuka mto mwenyewe kuangalia la kufanya. Kule ng'ambo kombania mbili zimeshika kipande kidogo cha ardhi bila silaha nzito, mara vifaru vya Kitaliano vinatokea vichakani ubavuni mwao. Leakey akaruka juu ya kifaru kimoja, akafungua mfuniko wa juu, akawapiga kwa bastola kamanda na waliokuwamo ila dereva, akamlazimisha dereva akiendeshe hadi mafichoni. Akajaribu kutumia mzinga wa kifaru kile, ukakataa. Akashuka, akavifuata vingine kwa miguu, akauawa. Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Shambulio la vifaru lilivunjika na kivuko kikabaki mikononi mwa 1/6. Tarehe 22 Mei brigedi iko Soddu, majenerali wawili wa Kitaliano wametekwa.

---

Jembe na Nyundo

Swali la kijinga labda: hawakuwa na silaha ya kupiga vifaru?

---

Mzinga wa Pwani

Si la kijinga. Batalioni zilikuwa na bunduki ya Boys, inchi 0.55, karibu kilo 16 bila risasi. Inatoboa deraya nyembamba kwa karibu. Lakini kwenye kuvuka mto kwa kushtukiza watu huvuka wepesi: bunduki, bren (bunduki nyepesi ya mashine), guruneti. Vizito hufuata daraja au kivuko kikishakuwa salama. Kati ya wepesi kuvuka na vizito kufika kuna pengo, na Colito vifaru viliingia kwenye pengo hilo hasa. Wanaita "kichwa cha daraja" kana kwamba ni ngome. Saa za kwanza ni watu wamelala kwenye majani tu.

---

Vanila Bei Juu

Mniachie Madagaska.

Kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy. Waingereza walishika bandari ya Diego Suarez Mei 1942 wakihofia manowari za Wajapani. Ya 22 ilifika Agosti, sasa chini ya Brigedia W. A. Dimoline, bado na batalioni zake tatu zilezile, betri ya 56 ya mizinga ya Uganda, na magari ya deraya ya Waafrika Kusini. Mpango uliofuata ulikuwa na vipande vitatu: kutua Majunga, kwenda mji mkuu, kutua Tamatave. Kipande cha kati kilikuwa cha ya 22.

Majunga ilichukuliwa na Brigedi ya 29 tarehe 10 Septemba. Siku hiyo hiyo malori ya 1/1 KAR yakifuatana na magari ya deraya yalitimka kuwahi madaraja mawili, Kamoro na Betsiboka. Kamoro walilikuta zima. La Betsiboka Wafaransa walikata nyaya, ila sehemu ya kati iliporomoka na kukaa mtoni ikiwa nzima, maji si ya kina. Askari walivuka kwa miguu wakapambana ng'ambo. Kama Septemba ingekuwa Januari, mto ule umejaa, safari ingeishia pale.

Kutoka hapo ni barabara moja tu, zaidi ya kilomita 550 kutoka Majunga hadi Antananarivo. Wafaransa hawakutaka kupigana sana, walitaka kuchelewesha. Kila penye kona au mlima: miti iliyokatwa ikalazwa njiani, kuta za mawe, madaraja yaliyolipuliwa. Utaratibu wa kufungua kizuizi ulikuwa huu. Gari la deraya linasimama kabla ya kona. Platuni moja inapanda kulia, moja kushoto, hadi juu ya kizuizi, maana kizuizi kisicho na bunduki juu yake ni kuni tu. Wakishahakikisha hakuna mtu, wahandisi wanakuja na misumeno, minyororo na baruti. Kosa la kawaida ni kuanza kuondoa magogo kabla ya kilima kushikwa.

Antananarivo ikaanguka 23 Septemba. Antsirabe 2 Oktoba. Pale Andriamanalina, 19 Oktoba, ndipo walipofanya kazi safi kuliko zote: kikosi cha kuzunguka kilipita milimani kwa miguu, alfajiri Wafaransa wakajikuta wanapigwa mbele na nyuma. Wafungwa kama 700, na upande wa brigedi hakuna aliyeuawa.

---

Jembe na Nyundo

Sasa hayo ni matembezi tu, si vita. Burma ndiyo vita.

---

Vanila Bei Juu

Matembezi yenye magogo kila kilomita, ndugu. Lakini nakukubalia nusu: hasara zilikuwa ndogo, na gavana wa Kifaransa, Annet, alikuwa anacheza na kalenda. Suluhu ilitiwa saini Ambalavao tarehe 6 Novemba, muda mfupi baada ya saa sita ya usiku. Mapigano yalianza 5 Mei. Inasimuliwa kwamba alisubiri miezi sita na siku ipite ili askari wake wapate nishani na marupurupu yaliyotolewa kwa vita vya muda huo. Iwe kweli iwe porojo, tarehe zinalingana.

Hasara ndogo si dalili ya kazi nyepesi. Brigedi iliyofanya Gelib, Awash na Billate ilikuwa imejua kuzunguka. Batalioni mpya ingepigwa risasi kwenye kila kizuizi.

---

Ramani ya Kale

Asante Vanila. Sasa tufike penye kuwapoteza watu. Baada ya Madagaska brigedi inavuliwa vikosi na kuvikwa vingine. Inapofika Ceylon 1944 na Arakan 1945, chini ya Brigedia R. F. Johnstone, batalioni zake ni:

1 KAR (Nyasaland)
3 NRR (Northern Rhodesia Regiment, Rhodesia ya Kaskazini)
1 RAR (Rhodesian African Rifles, Rhodesia ya Kusini)

Hakuna Kenya. Hakuna Tanganyika. Kati ya tatu za mwanzo, ya Nyasaland peke yake ndiyo ilikaa Somalia, Uhabeshi, Madagaska na Burma chini ya namba ileile.

Batalioni za Tanganyika zilizokuwa Burma ni hizi: 26 KAR kwenye Brigedi ya 25, 36 KAR kwenye Brigedi ya 26, 46 KAR kwenye Brigedi ya 28. Tatu, kila moja brigedi yake. Angalieni mtego: 26 ni namba ya batalioni na pia namba ya brigedi, na 26 KAR haikuwa kwenye Brigedi ya 26. Karatasi ikisema "26" bila neno la pili, usikimbilie kuhitimisha.

Zilizobaki kwa haraka. Brigedi ya 21: 2 KAR, 4 KAR, 1 NRR. Ya 25: 11, 26, 34. Ya 26: 22, 36, 44. Hizo tatu ndizo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Fowkes tena, wale wenye alama ya kichwa cha kifaru, mnyama. Brigedi ya 28 ilijitegemea: 7, 46, 71 (Somaliland).

Namba zenyewe zina ufunguo. Tarakimu ya pili ni mzazi, ya kwanza ni mtoto wa ngapi. 36 ni batalioni ya tatu ya KAR ya 6. 44 ni ya nne ya KAR ya 4, Uganda. 34 ni ya tatu ya hiyo hiyo. 22 ni ya pili ya KAR ya 2, Nyasaland. Zisizofuata kanuni ni 11, ambayo ni ya Kenya, si ya Nyasaland, na hiyo 71 ya Somaliland.

---

Kigoda cha Mvule

Hapo kwenye 36 KAR kuna mtu anayefahamika: Waruhiu Itote, ambaye baadaye aliitwa Jenerali China kwenye Mau Mau, alikuwa 36 KAR huko Burma. Mkikuyu ndani ya batalioni ya Tanganyika. Kwa hiyo hata herufi TT si cheti cha kabila, wasajiliwa walihamishwa.

Na kabla hajatajwa: Idi Amin hakupigana Burma. Aliingia KAR 1946.

---

Mzinga wa Pwani

Niongeze ya Divisheni ya 11 ili mtu asidhani ya 22 ndiyo iliyobeba Burma.

Agosti 1944 walichukua Tamu, wakashuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni. Bonde lile lina malaria na homa ya utitiri wa majani, na barabara yake ilikuwa mkondo wa matope. Magari yalikwama, chakula na risasi vikaangushwa kwa ndege. Kuangushiwa kunataka uwazi uliosafishwa, alama chini, na mawingu yaliyo juu ya vilima. Kukikosekana kimoja, siku hiyo hamli. Novemba wakakutana na Divisheni ya 5 ya India Kalemyo, tarehe 2 Desemba wako Kalewa kwenye mto Chindwin. Hapo wahandisi walijenga daraja la Bailey la futi 1,154, kama mita 352, refu kuliko yote ya aina hiyo wakati ule.

Brigedi ya 28 ilipewa kazi ya ulaghai. Slim alitaka Wajapani wasijue kwamba Kora (kundi la divisheni) nzima ya 4 inashuka bonde la Gangaw. Akaiweka ya 28 mbele ili wakiona Waafrika wadhani ni Divisheni ya 11 tu, na kwamba mto Irrawaddy utavukwa upande wa Chauk. Februari 1945 Divisheni ya 7 ya India ikavukia Nyaungu. Wajapani walioamini chambo wakaishukia ya 28 pale Seikpyu wakairudisha nyuma hadi Letse. Wanaoandika kwamba "brigedi ilishindwa Seikpyu" wasome kwanza ilitumwa kufanya nini. Chambo kikiliwa kimefanya kazi yake.

---

Jembe na Nyundo

Na ya 22 Arakan?

---

Ramani ya Kale

Arakan ni vita vingine kabisa. Pwani ya mikoko na vijito vinavyojaa na kupwa. Huko wanaviita chaung. Ya 22 ilikuwa chini ya Kora ya 15, ikikabidhiwa mara kwa divisheni hii mara kwa ile, ikisogea kusini kuelekea Taungup. Mizigo ilikuja kwa vyombo vya kutua, na vyombo hufuata maji: ukikosa bamvua unasubiri. Mtu wa pwani yetu angelielewa hilo bila darasa. Kwenye vilima vya Tanlwe Chaung, Aprili 1945, 1 RAR ilipigana vita yake kubwa kuliko zote, kupanda vilima vyenye mahandaki yaliyofunikwa kwa magogo, ambayo mota ya inchi 3 haiyavunji. Hapo inabidi mizinga ya uwanjani au guruneti kupitia tundu la kufyatulia.

---

Bombomu

Wakuu, tuje kwenye vitendo. Mtu ana kitabu cha kuachishwa jeshi, kimeandikwa 36 KAR na tarehe. Aanzie wapi?

---

Kigoda cha Mvule

Batalioni na mwezi, ndivyo vya kushika. Brigedi iache mpaka mwisho. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iko Kew, London, na shajara za vita zimepangwa kwa mahali pa vita, kwa namba za WO (War Office, wizara ya vita): WO 95 ni Vita vya Kwanza, WO 169 ni Mashariki ya Kati pamoja na Afrika Mashariki, WO 174 ni Madagaska, WO 172 ni Burma na Ceylon. Kwa hiyo 1/6 KAR ya Mei 1941 utaitafuta WO 169, na batalioni hiyo hiyo ya Septemba 1942 iko WO 174. 36 KAR ya 1944 ni WO 172.

Shajara iko kwenye fomu C.2118: mahali, tarehe, saa, muhtasari wa tukio, viambatisho. Majina ya askari wa Kiafrika ni machache sana kwenye muhtasari. Tazama viambatisho, maana orodha za hasara na za nishani mara nyingi ziko huko, kama hazikunyofolewa. Soma pia shajara ya makao makuu ya brigedi kwa siku hiyo hiyo. Batalioni iliyo katikati ya moto huandika mstari mmoja. Brigedi iliyo nyuma na simu ndiyo inaandika saa.

Saa zenyewe ni za tarakimu nne. 0530 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, 2200 ni saa nne usiku. Watu wanalijua hilo lakini wakishaanza kunukuu kwa Kiswahili wanachanganya, shambulio la alfajiri linageuka la usiku.

---

Vanila Bei Juu

Na majina ya mahali, jamani. Ramani za wakati ule za Somalia na Uhabeshi ni za Kitaliano. Gelib ni Jilib, Chisimaio ni Kismayu, Giuba ni Juba, Colito ni Kulito, Soddu ni Sodo. Madagaska: Majunga ni Mahajanga, Tamatave ni Toamasina, Diego Suarez ni Antsiranana, Tananarive ni Antananarivo. Arakan leo ni Rakhine. Ukiandika jina la leo kwenye kitafutio cha nyaraka za zamani hupati kitu, ukaja kusema zimefichwa.

---

Jembe na Nyundo

Nishani je? Haziwezi kuonyesha alikuwa wapi?

---

Mzinga wa Pwani

Za Vita vya Kwanza za Uingereza zina jina na namba ukingoni, zungusha kwenye mwanga. Za Vita vya Pili walizopewa askari wetu hazikuandikwa jina, kwa hiyo nishani bila karatasi haimthibitishi mtu. Ila zinakwambia uwanja. Nyota ya Afrika inahusu pia Somalia, Eritrea na Uhabeshi hadi 27 Novemba 1941, siku Gondar ilipoanguka. Nyota ya Burma inajieleza. Madagaska haina nyota yake. Ni ile ya 1939–45. Mtu wa 1/6 aliyepigana Colito na Andriamanalina asipokuwa na ya Burma, hakuna lililopotea. Hakufika huko na brigedi hii.

---

Bombomu

Na wasio na kaburi?

---

Kigoda cha Mvule

Burma: Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon, majina karibu 27,000, yamepangwa kwa kikosi. Waliopotea njiani wapo Nairobi, kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya Makaburi ya Vita. Humo ndimo walimo watu wa Khedive Ismail, meli iliyotoka Kilindini Februari 1944 ikazamishwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12. Watu 1,297 walikufa, na kundi kubwa kuliko yote ndani yake lilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Meli ilizama kwa dakika mbili tatu. Watu wanatafuta majina hayo Taukkyan wanayakosa, wakati yako Nairobi.

---

Jembe na Nyundo

La mwisho kwa mwanzisha uzi. Umesema 1945 ya 22 haikuwa na Tanganyika. Lakini kuna kitabu cha kuachishwa cha mtu wa Tabora kimeandikwa wazi "22 Bde", Burma, 1945. Kimeghushiwa?

---

Ramani ya Kale

Hapana, kinaweza kuwa sahihi kabisa. Rudi kwenye muundo pale juu: nilichosema hakuna ni batalioni ya Tanganyika. Madereva, wahandisi, wauguzi na watu wa simu waliofuatana na brigedi walitoka nchi zote. Tazama mstari wa kikosi kwenye kitabu hicho. Ukikuta EAASC ni uchukuzi na ugavi, EAE ni wahandisi, EAAMC ni tiba, EA Signals ni mawasiliano. Vikosi hivyo vina shajara zao vyenyewe ndani ya WO 172, na kombania ya malori huandika hata namba ya safari na tani zilizobebwa. Humtafuti kwenye 1 KAR wala 1 RAR. Tafuta namba ya kombania yake, halafu mwezi.